Nusu ya Firigisi

Nilipewa dakika mbili. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba kila anayetaka kumsemea marehemu asizidi hapo, kwa sababu jua lilikuwa kali na safari za watu zilikuwa ndefu. Zamu yangu ilipofika nikashika maikrofoni kwa mikono miwili, nikasema, “Mama Nafula alinifundisha kupika kuku,” kisha nikalia mpaka muda ukaisha. Watu wakanipigia makofi ya huruma. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye sauti ya mtu asiyesikia vizuri, akauliza, “Kwani huyu naye ni nani?” na jirani yake akamjibu kwa sauti ileile, “Ni yule Mkamba wa Nairobi.” Sawa. Mimi ndiye yule Mkamba wa Nairobi. Ila si machozi peke yake yaliyoninyamazisha. Habari yangu na Mama Nafula ina firigisi ndani yake, na firigisi si neno la kutajwa ovyo mbele ya wazee wa Kiluhya ambao tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni. Sasa nimerudi nyumbani, nimeketi kwenye kigoda jikoni kwangu, hakuna wa kunishikia saa, na nitaisema yote.

Mwaka nilipomjua Mama Nafula nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa na mpango wowote. Nilifanya kazi Baba Dogo, katika kiwanda cha vyombo vya plastiki, kazi yangu ikiwa ni kukata kingo za mabeseni yalipotoka kwenye mashine yangali na joto. Mara mbili nilifika kazini nimevaa viatu visivyofanana. Funguo za mlango nilizipoteza mara nyingi hata fundi wa kufuli akaacha kuniita kwa jina, akaniita mteja. Chai niliichemsha ikakauka, nguo niliziloweka zikanuka, na kila nilichoazima kilirudi kwa mwenyewe na kasoro. Lakini nilikuwa na Barasa, na kwa akili yangu ya wakati ule mtu mwenye Barasa hakuhitaji kingine. Alikuwa karani wa ghala, kijana mtaratibu, shati lake limepigwa pasi hata siku ya mapumziko, na alikuwa na kicheko fulani cha polepole kilichonifanya niseme mambo ya kipumbavu makusudi ili nikisikie tena. Tulikaa pamoja chumba kimoja karibu miaka miwili. Nilimpenda sana. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasimulia marafiki kisa hiki kwa kuwachekesha, na wao hucheka, na mimi hucheka nao, nikiruka sehemu iliyouma.

Siku moja mama yake na mjomba wake wakaja kutoka magharibi mwa nchi kuniona. Nikanunua jogoo. Sasa, nyumbani kwetu anayepika ndiye anayeonja, na anayeonja huchagua, na hakuna aliyewahi kunigombeza kwa hilo. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nimesimama juu ya sufuria tangu saa nne, na firigisi ilikuwa imekaa pale juu ya mchuzi kana kwamba imewekwa kwa ajili yangu. Nikaitia chumvi kidogo, nikaila. Mjomba alipofunuliwa bakuli alichukua kijiko, akageuza kipande kimoja, akageuza cha pili, akarudi tena kwa kile cha kwanza. Kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, firigisi ya huyu kuku iko wapi?” Nikacheka. Nikamwambia, “Nimekula, baba. Ilikuwa tamu kweli.” Mama yake Barasa akaweka mkono kifuani. Tukamla yule jogoo mpaka akaisha, na sikusikia kitu isipokuwa mifupa na redio ya jirani. Kesho yake Barasa, akiwa anafunga kamba za viatu, ndipo aliponieleza kwamba kwao firigisi ni ya mwenye nyumba au ya mgeni mkubwa, na kumnyima mtu ni kumwambia kwamba hapa wewe si kitu. Wiki tatu baadaye akahama. Alisema anaenda mtaa wa Komarock kukaa na binamu yake ili apate nafasi ya kufikiri.

Nikaamua kwamba nimempoteza mwanamume kwa sababu ya firigisi, na niamini nikikwambia kwamba wazo hilo lilinipa nguvu. Kosa lenye ukubwa ule, niliona, linarekebishika. Nikaulizaulizia, nikaambiwa kwamba mtaa wa Mbotela kuna mjane wa Kiluhya anayeuza kuku wa kienyeji, wanaomfikia kila Alhamisi ndani ya matenga juu ya basi la magharibi. Nikamkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi katikati ya kuku, anawatenga waliochoka na safari. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, leso imefungwa kichwani kwa nguvu. Nikamwambia, “Mama, naomba unifundishe kupika kuku kama mke wa Kiluhya.” Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akauliza, “Nani amekuacha?” Nikamweleza yote nikiwa nimesimama palepale kwenye kinyesi cha kuku. Nilipofika kwenye firigisi alifumba macho kidogo, nami nikajua neno hilo limemgusa hata yeye. Kisha akasema, “Akufukuzaye hakwambii toka, mwanangu. Wengine huhama wao.” Nilisikia maneno, nikayaacha yapite. Alikuwa na chumba kitupu tangu binti yake Nafula aolewe. Mwisho wa mwezi nikahamia, na godoro langu na mabeseni mawili ya kiwandani yenye kingo zilizopinda.

Nyumba zile za Mbotela zilijengwa na watu waliodhani wafanyakazi hawana vitu. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, msumari mmoja wa kutundika nguo, na ukuta mwembamba uliokitenga na jiko. Sebule ya Mama ilikuwa ya viti vinne, kila kiti na kitambaa chake cheupe alichofuma mwenyewe, na kalenda ya kanisa ukutani. Mimi msumari wangu sikuutumia. Nguo nilizirundika kwenye kona, na mwezi wa pili kuku mmoja mwekundu akaingia, akazichunguza, akaamua kutagia humo. Nilitaka kumtoa. Mama akasimama mlangoni, akasema, “Huyo amepata kwake. Wewe ndiye uliyeacha kitanda wazi.” Kuku akalalia mayai yake siku ishirini na moja juu ya sketi zangu zote, nami nikaenda kazini siku ishirini na moja na gauni lile lile la bluu, nikilifua jioni na kulivaa asubuhi likiwa na unyevunyevu kwapani. Vifaranga walipototolewa Mama alinikabidhi nguo zangu zimefuliwa, zimekunjwa, na nyundo na misumari mitano. Nilipigilia yote siku hiyo hiyo.

Kujifunza kuku kulikwenda polepole. Aliyechinja alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mzee fundi viatu, ila baada ya hapo kazi ilikuwa yangu. Nilijifunza maji ya kunyonyolea yasichemke mno, ngozi isije ikachubuka, na kubabua vinyoya vidogo juu ya moto bila kumuunguza. Nilijifunza kumkata kwenye viungo, si kwenye mifupa, kwa sababu mgeni wa Kiluhya anajua idadi ya vipande kama anavyojua vidole vyake. Halafu ikaja firigisi yenyewe. Unaipasua upande mmoja, unaisafisha changarawe, kisha unashika ule utando wa njano kwa kucha na kuuvuta utoke mzima. “Ukichanika, umejaribu tu,” Mama alikuwa akisema. Nilijaribu tu kwa miezi. Na kila mara, kuku akiisha kuiva, firigisi iliwekwa kwenye kisahani, ikafunikwa, ikapelekwa kwa fundi viatu, maana nyumbani hapakuwa na mwanamume tangu mzee wa Mama afariki. Siku moja nikamuuliza, “Kwani wewe, Mama, ladha yake unaionaje?” Akasema hajui. Nikadhani ananitania. “Nimepika kuku tangu nikiwa na miaka tisa,” akasema, huku anachochea makaa. “Nimempa baba, nimewapa kaka zangu, mume, shemeji, mchungaji, na sasa fundi viatu. Kwani mtu huonja sadaka?” Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni.

Wakati huohuo nilikuwa na mpango wangu wa pembeni. Sikuwa na subira ya kungoja nihitimu, kwa hiyo nikaanza kununua firigisi za kuku wa gredi, wale wa kisasa, buchani, zile za kilo, ambazo Mama alizidharau akiziita vifungo vya koti. Nilizikaanga na nyanya na dhania, nikazitia kwenye hotipoti ndogo, na kila Jumapili ya pili baada ya ibada nikazipeleka Komarock. Kwenye geti la ghorofa alimokaa Barasa palikuwa na soja mmoja, mlinzi mzee wa Kikamba aitwaye Mutuku, mpole, koti lake kubwa kuliko yeye. Mara ya kwanza aliniambia, “Barasa ametoka, mwiitu wa asa,” akiniita dada yake kwa lugha yetu, na mimi moyo ukatulia kidogo. “Lakini chakula hakina neno. Wacha nitampa.” Nilipofuata hotipoti wiki iliyofuata, nikaipata imeoshwa ikang’aa, na ndani yake mlikuwa na njugu karanga kwenye kipande cha gazeti. Sasa wewe unajua kama ninavyojua: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Anayekurudishia chombo na kitu ndani anakwambia kwamba mambo kati yenu hayajaisha. Nikarudi Mbotela na zile njugu mkononi, nikila moja moja. Mara ya pili ndani mlikuwa na ndizi mbili. Mara ya tatu, parachichi moja kubwa. Zile ndizi mbili nilizielewa mara moja, ni mimi na yeye. Parachichi nilishindwa kulila. Nililiweka dirishani, nikalitazama kila asubuhi mpaka likaoza, na Mama akalitupa kwa kuku akiwa ameziba pua.

Mama aliona yote na hakunikataza. Alichofanya alikifanya jioni, upande wa pili wa ule ukuta mwembamba, akimwomba Mungu kwa sauti kama mtu anayeongea na karani asiyemsikiliza. “Bwana, huyu mtoto wa Ukambani amenivunjia vikombe vitatu. Hilo nimesamehe. Juzi ameacha mlango wazi, paka akaingia kwa vifaranga. Hilo pia nimesamehe, ingawa bado linaniuma. Lakini huyu mtoto ana moyo mzuri na anaubeba kwenye hotipoti akiupeleka mahali haujaitwa. Mpe akili, Bwana. Ukiona akili imechelewa, mpe usingizi.” Nilikuwa nimelala chali gizani, machozi yakinitiririkia masikioni, na sikujua nalia kwa nini, kwa sababu nilikuwa pia nacheka. Tangu nije mjini hakuna mtu aliyewahi kumtaja Mungu na mimi katika sentensi moja bila kulalamika. Leo nikiulizwa nilianza lini kuwa mtu mzima, husema ni usiku ule, japo kesho yake nilisahau ufunguo tena.

Kuelekea mwisho wa mwaka nikafungua hotipoti njiani nikakuta mwiko. Mwiko mdogo wa mti, umechongwa kwa mkono, mpini wake umepindishwa kidogo ukae vizuri kwenye kiganja, na mwishoni una kichwa cha kuku chenye jicho moja kila upande. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama kile. Nilikimbia kutoka barabarani mpaka nyumbani. “Mama, amenichongea mwiko!” nikasema, na ninakumbuka nilivyousimamisha mbele ya uso wake. Akaifuta mikono yake kwanza kwenye leso ya kiunoni, akaupokea, akaugeuza. Akapitisha kidole kwenye jicho la yule kuku. “Barasa alianza lini kuchonga?” akauliza. Nikasema watu hubadilika. “Mikono ya karani hii?” Nikasema mapenzi hufundisha. Akanirudishia mwiko, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda. Na mimi mtoto wa watu wanaochonga, niliyelala utotoni kwenye harufu ya maranda, nilikuwa nimeshika kazi ya mkono wa Kikamba, kila mkato wa kisu ukisema umetoka wapi, nikakataa kuona.

Jumapili iliyofuata nilienda mapema, kabla ya saa yangu ya kawaida, nimevaa vizuri, viatu vinafanana. Mzee Mutuku alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha getini, kisu kidogo mkononi, na magotini kuna kipande cha mti wa rangi ileile ya mwiko wangu. Alikuwa anaanza masikio ya sungura. Chini, pembeni ya mguu wake, maranda ya mti huo yalikuwa yametapakaa. Tukatazamana. Nadhani yeye ndiye aliyeumia zaidi. Akasimama, akavua kofia. “Mwiitu wa asa,” akasema, “mimi nilitaka kukwambia mwezi wa kwanza. Yule kijana aliniambia, kula tu mzee, mwambie nimetoka. Nami nina njaa hapa mchana kutwa, na chakula ni kizuri, sitakudanganya. Lakini mama yangu alinilea vizuri. Chombo cha mtu hakirudi kitupu.” Nikamuuliza kama Barasa aliwahi kula hata moja. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama yuko ndani sasa. Akatazama ghorofa ya pili, pazia moja likatikisika, naye akatazama chini. Nilitaka ardhi inimeze. Badala yake nikamwambia, “Na lile parachichi, mzee?” Akasema, “Lilikuwa la chakula changu cha mchana.” Nikamwachia zile nilizobeba. Ingekuwa dhambi kurudi nazo.

Nilimweleza Mama nikiwa nimeketi chini, mgongo kwenye banda. Nilitegemea anicheke, na angekuwa na haki. Yeye akauliza swali moja tu: bado unamtaka? Nikasema ndiyo. Nilikuwa namtaka, Mungu anisamehe, hata baada ya lile pazia. “Basi aje ale hapa,” akasema, “umpe firigisi kwa mkono wako, umtazame usoni, ujue.” Alhamisi, matenga yaliposhushwa, alituma neno kwa kondakta wa basi, kondakta akalipeleka magharibi mpaka kwa mama yake Barasa, kwa sababu wote walitoka sehemu moja na kule mwanamke wa umri wa Mama akisema anamwita kijana, kijana huenda. Wiki mbili baadaye, Jumapili adhuhuri, Barasa alikuwa ameketi sebuleni kwetu chini ya kalenda ya kanisa, shati limenyooka, ananawa mikono kwenye beseni langu lenye kingo zilizopinda. Kuku nilimpika mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, nikimkoroga kwa mwiko wa Mutuku. Utando wa njano ulitoka mzima kwa mara ya kwanza, nikauonyesha kwa Mama, naye akaitikia kwa kichwa tu. Nikaweka bakuli mezani, firigisi juu, imemwelekea. Mchuzi ulimwagika kidogo kwenye kitambaa.

Barasa aliitazama ile firigisi. Kisha akasema, “Mwende, mama yangu ameniambia nije, nimekuja. Lakini nisikukosee tena.” Akalisukuma bakuli kidogo. “Haikuwa firigisi. Mjomba alicheka njia nzima mpaka nyumbani, alikupenda. Nilikuwa nimeshapanga kuhama kabla hawajaja. Wewe ukasema ni firigisi, nami nikaona ni rahisi, nikaacha iwe firigisi.” Nikamuuliza, “Na binamu?” Akaangalia viatu vyake, nami nikajua Komarock hakukuwa na binamu, kulikuwa na mwanamke. Halafu akaongeza, kana kwamba anataka kuwa mkweli mpaka mwisho, “Na hata siipendi. Inaninasa kwenye meno.” Iliniuma. Siwezi kukwambia vingine. Mwaka mzima nilikuwa najenga nyumba juu ya kitu kidogo kama kiganja, na mwenyewe ananiambia hakikuwepo. Nilikaa pale nikitazama mchuzi ukipoa, nikifikiria vifungo vya koti kilo kwa kilo.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. “Umesema huitaki?” akamuuliza. Barasa akaanza kujieleza, “Mama, mimi sikukusudia…” Akamkatiza. “Mambo yenu ni yenu. Mimi nauliza hii hapa. Huitaki?” Akasema haitaki. Mama akaja mezani, akaichukua ile firigisi kwa vidole, akaiweka kwenye kisahani, akaenda kuleta kisu. Barasa akasimama nusu akakaa tena. Mimi mwenyewe nilishika ukingo wa meza, kwa sababu nilijua ninachokiona, na sikujua kama nimzuie. Akaikata katikati. Nusu moja akanipa mkononi. “Kula, mwana wefwe,” akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita mtoto wao. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa Ukambani. Nusu ya pili akaitia mdomoni mwake. Akatafuna upande wa kulia, upande wenye meno, polepole, macho yakiwa kwenye kalenda. Tulimngoja. Akameza. Akafuta kidole.

“Ni hii tu?” akasema.

Halafu akacheka. Alianza chini tumboni, bila sauti, mpaka ikabidi aketi kwenye kiti na kushika magoti. “Zaidi ya miaka hamsini,” akasema, “nimewapigia watu magoti na kisahani, ni hii tu?” Nami nikacheka, huku nalia, firigisi ikiwa mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule nikaionja vizuri: ngumu kidogo, tamu kidogo, nyama ya kawaida ya kuku. Barasa hakujua aangalie wapi. Alitaka kuaga, lakini Mama akamwambia akae amalize, mgeni hafukuzwi tonge likiwa mkononi. Akala. Alipoinuka Mama akamfungia paja moja kwenye karatasi, akamkabidhi kwa heshima zote. “Hii mpelekee binamu,” akasema.

Nimejiuliza mara nyingi ningekuwa nani bila mwaka ule. Barasa simlaumu, alikuwa kijana mwoga, na woga wake ulinifikisha kwenye mlango sahihi. Mzee Mutuku nilimpelekea chakula mpaka alipostaafu, safari hii kikiwa chake kwa jina, na hotipoti haikurudi tupu hata siku moja. Mimi nilibaki Mbotela miaka sita zaidi. Niliacha mabeseni, nikaanza kumchomea Mama kuku wa wateja, na kutoka hapo ndipo ilipotoka hoteli yangu ndogo ya meza saba. Wanawake huja pale, wakakaa, wakaagiza firigisi wakitazama huku na huku, nami nawaletea bila kuuliza ni ya nani. Funguo bado napoteza. Mwiko bado ninao, kichwa cha kuku kimeshalika jicho moja. Na Mama, kama unadhani aligeuka mtu mwingine siku ile, hukumjua. Alhamisi iliyofuata alichinjiwa kuku, akaifunika firigisi kwenye kisahani, akaipeleka kwa fundi viatu kama kawaida. Nilipomtazama aliniambia, “Mimi nilitaka kujua tu. Sasa najua.” Hatukuitaja tena ile nusu aliyokula, na sehemu hiyo sikumsimulia mtu.

Kwa hiyo siku ya mazishi, baada ya kushindwa na dakika zangu mbili, nilidhani mimi na Mama tumemaliza. Watu walikuwa wameketi chini ya turubai, wazee wakipakuliwa, na yule mzee asiyesikia vizuri alikuwa ameshika kijiko, akigeuza vipande kwenye bakuli, akageuza tena, akinung’unika kitu kwa jirani yake. Nafula akanishika mkono, macho yake mekundu, akaniongoza nyuma ya nyumba mpaka jikoni, akawatoa wasichana waliokuwa wakichochea moto, akafunga mlango. Juu ya meza palikuwa na bakuli limefunikwa kwa sahani. “Mama alinishika mkono wiki ya mwisho,” akasema. “Akaniambia, kuku wa kwanza atakayechinjwa kwa matanga yangu, firigisi ni ya Mwende. Wazee wakiuliza, waambie huyo kuku hakuwa nayo. Nilimuuliza kwa nini, akacheka mpaka akakohoa, akakataa kusema.” Akafunua. Ilikuwa nzima, imesafishwa vizuri, utando haukuchanika. “Mimi nimefanya alivyosema,” akasema, “lakini wazee wameanza kuulizana, na sijui nimefanya nini. Dada yangu, hii ina nini?”

Nikamtazama. Amezidi hamsini, ana wajukuu, na leso ameifunga kichwani kwa nguvu kama mama yake. “Wewe umewahi kuionja?” nikamuuliza. Akageuka kuangalia kama mlango umefungwa vizuri. “Mimi? Wapi?”

“Leta kisu,” nikamwambia. “Na ukae chini.”